UZI: Unataka kununua ATM iliyotumika uifufue na kuiuza? Soma hapa kabla hujaenda kwenye mnada

FundiSefu (mleta uzi)

Mwadila wakuu.

Kila baada ya muda napigiwa simu ya namna moja. Mtu ameona tangazo la mnada, benki fulani inaondoa ATM zake za zamani, zinauzwa kama zilivyo, na bei inaonekana ya kuokota. Anataka kununua mbili: moja aiweke Mlango Mmoja hapa Mwanza, nyingine kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kisha kila mchuuzi wa dagaa akitoa pesa yeye akatiwe chake. Nimelijibu hili kwenye simu hadi sauti imekauka. Leo naliandika lote hapa, kwa sababu nimeona watu wawili ninaowafahamu wakizika mtaji wao kwenye hizi mashine.

Nianze na hilo la kuiweka mtaani. Marekani mwenye duka au kituo cha mafuta anaweza kumiliki ATM, akaijaza pesa zake mwenyewe na kutoza ada. Kwetu haiendi hivyo. Mifumo ya malipo inasimamiwa na Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na mashine isiyo na benki nyuma yake haina wa kumuuliza kama mteja ana salio. Ni sanduku la chuma lenye kioo. Hata ungepata benki ya kukubeba, jiulize mchuuzi wa Mwaloni atakuja kwako kufanya nini wakati M-Pesa ipo nchini tangu 2008 na wakala amekaa hatua kumi kutoka kwenye meza yake ya sangara.

Kwa hiyo pesa ya ATM iliyotumika iko wapi? Ipo, ndiyo maana mimi bado nipo kwenye kazi hii. Ila iko ndani ya mashine, vipande vipande, na kwenye jina lako kama fundi.

ATM ina nyumba mbili. Ya juu ina kompyuta, kioo, kisoma kadi, printa ya risiti na kibodi ya namba ya siri. Ya chini ni sefu, na humo ndimo inamokaa dispensa, yaani mtambo unaochota na kutoa noti, na kaseti za noti, kwa kawaida nne, pamoja na kisanduku cha noti zilizokataliwa. Wanunuzi wengi kwenye mnada wanaangalia kioo kama kinawaka. Mimi kioo nakitazama mwisho kabisa. Nauliza ufunguo wa sefu na namba zake, nauliza kaseti ziko ngapi, halafu nainama kutazama mikanda ya dispensa kwa tochi.

Nitaendelea. Kwanza niseme jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mashine ya kwanza niliyonunua niliipeleka kwenye banda letu Igoma. Ilikuwa mchana, jua kali, bati linalia. Nikafungua nyumba ya juu nikakuta rundo la karatasi limejikunja nyuma ya printa, lile gombo ambalo mashine za zamani zilikuwa zinaandikia kila muamala kwa ajili ya benki. Wino umefifia kwenye mikunjo lakini katikati unasomeka vizuri. Tarehe, saa, namba ya kadi, kiasi. Mtu katoa elfu ishirini saa kumi na mbili asubuhi. Yuleyule karudi jioni katoa elfu kumi. Nikavuta tena, nikaona mshahara wa mtu unatoka wote siku moja. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimeshika lile gombo, nikajiuliza lingefika mikononi mwa nani kama nisingelinunua mimi.

Zile karatasi nilizichoma zote mbele ya mwenzangu, na diski ya kompyuta nikaitoboa kwa drili mahali panne. Tangu siku hiyo, hakuna mashine inayoguswa kwangu kabla diski haijatoka. Siikarabati, siisafishi, siipigi hata picha ya tangazo. Fundi anayekuuzia ATM ikiwa na diski yake ya zamani anakuuzia siri za watu, na wewe unazipokea. Huo ndio msimamo wangu, na nitaurudia kwenye uzi huu kila nitakapoona unasahaulika.

---

Ngosha wa Buzuruga

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Swali langu: hilo sefu la chini linauzika kivyake? Mimi ni wakala, natafuta kitu cha kulaza pesa usiku.

---

FundiSefu

Linauzika, na kusema kweli hapa Kanda ya Ziwa ndilo linaloniendeshea banda. Wakala wakubwa, wenye vituo vya mafuta, wanunuzi wa dhahabu upande wa Geita, wote wanahitaji sefu nzito, na sefu mpya ya ubora huo ni ghali. Ukiondoa dispensa na kaseti, ukafunga yale matundu ya nyaya kwa bamba la chuma, ukabadilisha kufuli na kuweka rafu mbili, mtu anapata kitu cha maana.

Ila sikiliza uzito. ATM kamili ya kuingia ukutani, yenye sefu nzito, inaweza kuwa kati ya kilo 700 na tani nzima, na sehemu kubwa ya uzito huo ni sefu. Mji wetu mnaujua, nyumba zimekaa juu ya mawe. Mteja mmoja wa Mabatini alishalipa nusu, tukafika na Fuso, gari likaishia chini. Juu kwake ni ngazi za mawe, nyembamba, zina kona mbili. Vijana walikuwa sita na wanaijua kazi, lakini niliwatazama miguuni, wawili wamevaa ndala. Nikamrudishia mzee hela yake palepale. Akaninunia. Lakini sefu ya namna ile ikiteleza juu ya ngazi, hakuna mkono wa mtu utakaoizuia, na chini kulikuwa na watoto wanacheza.

Kwa upande wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko na mzigo mgongoni mwa gari, mvua ikija tunafunika dispensa kwa turubai na kuomba Mungu.

Na hili la ufunguo nilisemee, kwa sababu liliniumiza. Kuna mnada mmoja niliambiwa kwa mdomo kwamba namba za kufuli zipo, nitapewa baada ya kulipa. Nikalipa. Ikawa njoo kesho, njoo keshokutwa, mwisho nikaambiwa aliyekuwa anazijua ameshastaafu. Tukaamua kutoboa. Mlango wa sefu ya ATM umewekewa ndani kitu kinachojifunga upya ukitoboa vibaya, na sisi tulitoboa vibaya. Kazi ya saa mbili ikawa siku tatu, biti za drili zikaisha, na tulipofungua, mlango ulikuwa haufai tena kuuzwa. Faida yote ya mashine ile iliishia hapo. Sasa sitoi hela mpaka nimeuona mlango unafunguka na kufungwa mbele ya macho yangu, mara tatu.

---

Mhasibu_Nyegezi

Asante kwa elimu kaka. Mimi ni mhasibu wa SACCOS. Wanachama wetu wanataka tuwe na ATM yetu, na kuna mtu ametuletea bei ya iliyokarabatiwa, anasema ni "kama mpya". Bodi inakaa wiki ijayo. Nikaseme nini?

---

FundiSefu

Dada, umeuliza wakati mzuri.

Kabla ya kuuliza bei, nendeni kwenye benki ambayo SACCOS yenu inafanya nayo kazi. Waulizeni kama wako tayari kuiunganisha mashine, na kama wako tayari, ni modeli zipi wanazikubali. Jibu hilo lipatikane kwa maandishi. Kuna watu walinunua kwanza wakauliza baadaye, na mashine yao sasa imefunikwa shuka kwenye kona ya ofisi.

Wakishawapa modeli, rudini kwa huyo muuzaji mwulizeni kuhusu kompyuta iliyo ndani. Windows XP iliachwa kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo, toleo la kawaida, ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi zinazotolewa kwenye minada ziko na mojawapo ya hizo, na bodi ya kompyuta yake mara nyingi haina nguvu ya kubeba mfumo mpya. Akikwambia "tutaiboreshea programu", mwulize anabadilisha na hiyo bodi ya kompyuta? Kama habadilishi, amekuuzia tatizo.

Halafu ile kibodi ya namba ya siri. Hii wengi hawaijui na ndiyo inayowaliza. Ndani yake zinatunzwa funguo za siri za benki, zile zinazofumba namba ya mteja kabla haijasafiri. Imetengenezwa ili mtu akijaribu kuifungua au kuing'oa mahali pake, izifute funguo zote yenyewe. Mashine ya mnada karibu kila mara kibodi yake imeshajifuta, na aina nyingine zikifika hapo hazirudi mpaka zipelekwe kwa aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Kupakia funguo mpya nako kunafanywa na watu wawili wa benki, kila mmoja na nusu yake, asijue ya mwenzake. Muuzaji anayekwambia "funguo ninazo mimi" mkimbieni.

Nyingine ni noti. Dola ya Marekani ni saizi moja kuanzia dola moja hadi mia, milimita 156 kwa 66. Noti zetu hazilingani, ya 10,000 ni kubwa kuliko ya 5,000. Mashine iliyotoka nje lazima kaseti zake zirekebishwe, zile kingo za ndani zisogezwe noti ikae bila kucheza. Na ikitoka Marekani, angalieni kwanza umeme wake kabla ya kuchomeka, wao wanatumia volti 120, sisi 230. Bodi ya umeme ikiungua siku ya kwanza, hakuna wa kumlaumu.

Maoni yangu, dada, kama wanachama wenu hawazidi uwezo wa dirisha moja la kuhudumia, msinunue. Umeme, intaneti, mtu wa kujaza noti, mlinzi, bima, fundi wa matengenezo, vyote hivyo vinakula kila mwezi hata kama hakuna aliyetoa shilingi. Na ikumbukeni diski. Mwulizeni muuzaji diski ya zamani iko wapi, awaonyeshe.

---

Mhasibu_Nyegezi

Nimechapisha jibu lako naenda nalo kwenye kikao. Barikiwa.

---

Kapteni wa Kamanga

Mkuu unatisha watu bure. Mimi nilinunua tano kwa bei ya chuma chakavu, nikazivunja, nikauza chuma, shaba ya nyaya na bodi. Nimekula faida na sikuhitaji namba ya kufuli ya mtu. Biashara isiwekewe uzito mkubwa hivyo.

---

FundiSefu

Mkubwa, faida yako siipingi, chuma ni chuma. Nakuuliza mambo mawili tu, na nakuuliza kwa heshima.

Nyaya ulizitoaje plastiki? Kama ulizichoma, ule moshi mweusi unajua unakwenda wapi. Nimeona watu wanachomea nyaya karibu kabisa na maji upande wa Igogo, mvua ikinyesha majivu yote yanashuka ziwani. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa mjini inavutwa palepale Capri Point. Kwenye bodi kuna risasi, kwenye UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, kuna betri za asidi, kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ya lithiamu. Taka za kielektroniki zina kanuni zake tangu 2021, na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndio wa kuwaona kuhusu vibali. Mimi nyaya nazimenya kwa kisu. Ni kazi ya kuchosha, kijana mmoja anamaliza siku nzima na gunia moja, lakini watoto wangu wanakunywa maji hayo.

La pili, zile diski tano ziko wapi?

---

Kapteni wa Kamanga

Diski niliuza pamoja na kompyuta zake, kuna kijana alizichukua zote.

---

FundiSefu

Mtafute. Nakuomba, kama bado unaye kwenye simu, mtafute leo. Zinunue tena hata kwa hasara ndogo, uzitoboe. Benki ilipaswa kuzitoa kabla ya mnada, hilo ni kosa lao na wengi siku hizi wanazitoa. Lakini zikishafika mkononi mwako zimekuwa zako.

Mnajua mwaka 2010, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta kule Las Vegas, mtaalamu aitwaye Barnaby Jack alipanda jukwaani na ATM mbili alizozinunua, akazifanya zimwage noti mbele ya watu. Alikuwa amekaa nazo akazichunguza mpaka akapata udhaifu wao. Alikuwa mtu wa upande wetu, akawaonya watengenezaji ili wazibe. Fikiria mtu wa upande mwingine akipewa zako tano.

Na miaka minne kabla ya hapo, huko Virginia, mtu aliingiza namba za msimamizi kwenye ATM ya kituo cha mafuta, zile za kiwandani ambazo zimeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo na hakuna aliyezibadilisha. Akaiambia mashine kwamba noti za dola 20 zilizomo ni za dola 5. Mashine ikatoa hivyo hivyo siku kadhaa, mpaka mteja mmoja mwaminifu akasema. Kwa hiyo nikiuza mashine nzima, namba za msimamizi zinabadilishwa na mnunuzi mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka.

---

Kapteni wa Kamanga

Nimempigia. Tatu bado anazo, mbili ameshauza Shinyanga. Naenda kuzifuata hizo tatu kesho.

---

FundiSefu

Asante mkubwa. Kutoka moyoni.

---

Kijana_Igoma

Shikamoo fundi. Mimi nimemaliza ufundi umeme, nipo tu nyumbani. Hii kazi ya dispensa inajifunzwa wapi? Na kwa nini noti zinanasa sana?

---

FundiSefu

Marahaba mwanangu. Anza na mashine za kuhesabia pesa, zile ndogo za mezani. Ziko kila duka la jumla kuanzia Makoroboi hadi Nyerere Road, zinaharibika kila siku, na ndani yake kuna mambo yaleyale: magurudumu ya mpira, sensa za mwanga, mkanda, mota. Ukishazizoea hizo, dispensa haitakutisha.

Kuhusu kunasa. Dispensa ziko za namna mbili kubwa. Kuna zinazonyonya noti kwa vikombe vidogo vya mpira na pampu ya hewa, kama zile za NCR, na kuna zinazoivuta kwa kuisugua na magurudumu. Ya kunyonya, vikombe vikikakamaa au mpira wa hewa ukipasuka, utaisikia pampu inahema lakini noti haiji. Ya kusugua, gurudumu likilainika kama kioo linateleza juu ya noti. Kisha noti inapita mahali inapopimwa unene. Zikiwa mbili zimegandana, mashine inazitupa kwenye kisanduku cha zilizokataliwa, kwa sababu haiwezi kukubali kumpa mteja ziada.

Sasa njoo kwetu. Noti iliyokaa Mwaloni kutwa nzima ina maji, ina chumvi ya dagaa, wakati mwingine ina gamba la samaki limekauka juu yake. Gamba hilo kwa kipimo cha unene ni noti ya pili. Na likibanduka linakwenda kukaa juu ya sensa. Nimewahi kufungua dispensa nikakuta sensa nzima imezibwa na gamba moja la sangara, linang'aa kama kioo cha saa. Nililitoa kwa kibano, mashine ikafanya kazi hapohapo. Ongeza vumbi la kiangazi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu na kufuata taa ya kioo. Ndiyo maana noti lazima zichambuliwe kabla ya kuingia kwenye kaseti, na ndiyo maana mimi sijaribii mashine kwa noti mpya za benki. Naijaribu kwa noti zilizotembea. Dispensa nyingi hutoa noti 40 kwa mkupuo mmoja, kwa noti zetu za 10,000 hiyo ni 400,000. Nikiipa mikupuo hamsini ya noti zilizochoka na haijanasa, hapo naweka jina langu.

Sensa isafishwe kwa brashi laini na hewa, usiipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Mkanda usiunge kwa gundi. Na ukikuta noti imejibana nyuma ya mikanda, nami nimeshakuta ya 5,000 imekunjwa mara tatu kama barua, iandike kwenye kumbukumbu, ipige picha, irudishe kwa benki iliyouza mashine na uchukue karatasi ya kupokelewa. Yule dada wa kaunta alinishangaa, akaita na meneja. Lakini mnada uliofuata walinipigia wao.

Ukipenda, njoo bandani Jumatatu. Njoo na viatu vilivyofungwa, usije na ndala.

---

Kijana_Igoma

Nitakuja baba. Asante sana.

---

Ngosha wa Buzuruga

Mkuu usinisahau. Nataka sefu moja, isiwe kubwa. Nije lini kuona?

---

FundiSefu

Ninayo moja iliyotoka kwenye mashine ya ndani ya ukumbi, ni nyepesi kidogo kuliko zile za ukutani, kufuli nimeshabadilisha. Kabla hujaja, nipimie upana wa mlango wa duka lako, fremu kwa fremu, na uniambie sakafu ni zege au ni vigae vilivyowekwa juu ya udongo. Kama kuna ngazi, hata moja, nitumie picha yake.